Nazi, Mawese na Jina "Zinjibari": Historia ya Jiko la Wazungumzaji wa Kiswahili nchini Oman tangu 1964

Ikisiri

Makala hii inaitazama historia ya wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 kwa kupitia mlango wa jikoni. Hoja zake ni tatu. Kwanza, jina Zinjibari wanaloitwa wote limeficha tofauti za asili yao, ilhali majina ya vyakula vyao bado yanazionyesha. Pili, chakula hudumu ughaibuni kuliko lugha iliyokipa jina, na ndani ya lugha yenyewe nomino hudumu kuliko vitenzi. Tatu, sera za kukuza Kiswahili nje ya Afrika Mashariki zimeegemea darasa na kulisahau jiko, mahali ambapo lugha hii ilihifadhiwa kwa nusu karne bila msaada wa serikali yoyote.

Maneno muhimu: Oman, Zinjibari, mapishi, msamiati, ughaibuni

1.0 Utangulizi

Nilipokuwa mtoto katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, mwishoni mwa miaka ya 1980, jirani yetu mmoja alikuwa na mazoea ya kufunga mzigo kila aliposikia kwamba kuna mtu anayesafiri kwenda Maskati. Ndani ya mzigo ule hamkuwa na nguo wala kitu cha thamani. Mlikuwa na ndagala waliokaushwa juani, chupa ya mawese iliyozungushiwa mifuko mitatu ya nailoni, pilipili, na sombe iliyotwangwa ikaanikwa. Siku moja nilimuuliza, "Bibi, kwani huko hakuna samaki?" Akanijibu, "Samaki wapo, mwanangu, bahari nzima ni yao. Lakini ndagala hawapo. Dada yangu anataka ndagala."

Miaka mingi baadaye, nikisoma maandishi ya wataalamu kuhusu Oman, nilikuja kufahamu kwamba dada yule, huko alikohamia, huitwa Zinjibari, yaani mtu wa Zanzibar. Hakuwahi kufika Zanzibar. Alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, na chakula alichokililia ugenini hakikuwa na hata tone la tui la nazi.

Pengo hilo kati ya jina analoitwa mtu na chakula anachokililia ndilo chimbuko la makala hii. Historia ya Waomani wa Afrika imeandikwa zaidi kwa kutazama siasa, biashara na ukoo. Jikoni hutajwa kwa kupita, kama pambo la simulizi. Makala hii inashikilia kwamba jiko ni hifadhi ya kumbukumbu yenye ushahidi wake, na kwamba mtafiti wa lugha anao uwezo wa kuusoma ushahidi huo kwa kuwa umeandikwa kwa maneno.

2.0 Jiko la Unguja na jiko la bara kabla ya 1964

Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman kuanzia 1806 hadi 1856, alihamishia makao yake Unguja hatua kwa hatua, na kufikia 1840 kisiwa hicho kilikuwa kitovu cha dola yake. Mashamba ya karafuu yalipanuka, na familia nyingi kutoka Oman zikahamia visiwani. Mwaka 1861, baada ya mzozo wa urithi, Oman na Zanzibar zilitenganishwa kuwa tawala mbili. Hata hivyo, watu, tende na majahazi viliendelea kwenda na kurudi kwa kufuata pepo za msimu.

Wahamiaji hao walikuja na vyakula vya kwao: haluwa ya wanga, sukari, samli na iliki, kahawa chungu inayonywewa kwa tende, na chakula cha ngano na nyama iliyopondwa ambacho Oman huitwa harisi na ambacho Unguja kilipewa jina bokoboko. Kwa kizazi cha kwanza, hivyo ndivyo vilivyokuwa vyakula vya nyumbani katika nchi ya ugeni. Mwomani wa Unguja aliyekula harisi siku ya Idi alikuwa akiikumbuka Nizwa au Rustaq.

Lakini ni nani aliyekuwa akipika? Katika nyumba za wenye mali, mikono iliyokaa mekoni ilikuwa aghalabu ya wanawake watumwa na wajakazi. Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja kwa jina la Salme binti Said, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba Kiarabu pekee ndicho kilichostahili kuzungumzwa mbele ya baba yake, na kwamba mara tu alipogeuza kisogo zilisikika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Hiyo ni picha inayosaidia. Kiarabu kilikuwa lugha ya baraza. Kiswahili kiliingia katika nyumba za Waarabu kwa kupitia walezi, wajakazi na wapishi, na kiliingia pamoja na tui la nazi. Kufikia kizazi cha pili na cha tatu, mtoto wa Kiomani alikuwa akila wali wa nazi, mchuzi wa papa, mbaazi za nazi na muhogo, na akiyataja yote hayo kwa Kiswahili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa mwaka 1897, lakini mapishi yalikwisha kuwa mali ya nyumba. Kwa hiyo ladha ambayo baadaye wajukuu wa Waomani wangeiita "ya nyumbani" ilifundishwa, kwa sehemu kubwa, na watu ambao wao wenyewe walinyang'anywa nyumba zao. Mtafiti yeyote wa mapishi haya hana budi kuanza na ukweli huo.

Bara palikuwa na jiko jingine. Misafara ya karne ya 19 ilifungua vituo Tabora, Ujiji na Kasongo, na katika kizazi kilichofuata wafanyabiashara wenye asili ya Oman na ya pwani walifika Usumbura, Kigali na miji mingine ya Maziwa Makuu. Huko nazi ilikuwa adimu. Mafuta yaliyopatikana yalikuwa mawese ya michikichi, hasa kando ya Ziwa Tanganyika. Kitoweo kilikuwa ndagala na mukeke wa ziwani, maharage, ndizi na majani ya muhogo. Mpunga ulifuata misafara hadi Manyema ukastawi. Waislamu waliozungumza Kiswahili katika mitaa kama Buyenzi na Nyamirambo walikula pilau siku ya sherehe kama ndugu zao wa pwani, ila chakula chao cha kila siku kilikuwa cha ziwani na mlimani.

3.0 Kurudi nyumbani kusikojulikana

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwaondoa visiwani maelfu ya watu wenye asili ya Kiarabu. Wengi waliouawa na waliofukuzwa walikuwa wazaliwa wa visiwa hivyo. Waliobahatika kuondoka hawakupokelewa Oman kwa urahisi, kwani Sultani Said bin Taimur aliibana sana milango ya nchi yake. Wakatawanyika Dubai, Kuwait, Misri, Uingereza na kwingineko. Hali ilibadilika tarehe 23 Julai 1970, Sultani Qaboos bin Said aliposhika madaraka na kuwaalika Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Nchi yenyewe ilikuwa na shule 3 tu za kisasa na takriban kilomita 10 za barabara ya lami. Wale waliosoma Afrika Mashariki, waliojua Kiingereza na kazi za ofisi, walihitajika, na wengi waliajiriwa serikalini na katika sekta ya mafuta.

Hapa neno nyumbani linahitaji kuchunguzwa. Kwa lugha ya serikali, watu hawa walikuwa wanarudi nyumbani. Kwa hali halisi, wengi wao walizaliwa Afrika na walikuwa hawajaiona Oman hata siku moja. Walifika katika nchi ya mababu wakiwa na Kiarabu kidogo au bila Kiarabu kabisa, na lugha hiyo ndiyo iliyokuwa lugha pekee rasmi ya taifa jipya. Marc Valeri, katika makala yake ya 2007 katika jarida la African Affairs, ameeleza jinsi kundi hili lilivyoendelea kutafuta nafasi yake katika utambulisho wa Kiomani. Nafla Kharusi, katika makala ya 2012 kuhusu jina Zinjibari, amelihusisha jina hilo na suala la lugha ambayo mtu huchagua kuitumia na mahali anapoitumia.

Katika mazingira hayo, chakula cha Afrika kilikuwa na kazi mbili. Kilimliwaza mtu aliyekuwa na huzuni ya kupoteza nchi. Pia kilitoa nafasi ambamo Kiswahili kilizungumzwa bila kuombewa radhi. Ofisini, shuleni na barazani mtu alipimwa kwa Kiarabu chake. Mbele ya jiko, mama mwenye sufuria ya mbaazi hakulazimika kuthibitisha uraia wake. Aliita vitu kwa majina aliyoyajua, na watoto wakamsikia.

4.0 Jina moja, vyungu vingi

Jina Zinjibari lilienea hata kwa waliotoka Mombasa, Tanganyika, Burundi, Rwanda na Kongo. Ni jina la watazamaji: kwa aliyezaliwa Maskati, wote waliokuja wakizungumza Kiswahili walikuwa wamoja. Jikoni, hata hivyo, umoja huo hautaonekana.

Tuchukue mfano wa majani ya muhogo. Familia ya Unguja huyaita kisamvu na huyapika kwa tui la nazi. Familia ya Bujumbura, Kigali au Bukavu huyaita sombe na huyapika kwa mawese, mara nyingine kwa karanga au kwa ndagala. Mmea ni ule ule mmoja uliotoka Amerika ya Kusini. Jina na mafuta yake ndivyo vinavyomtambulisha mpishi. Vivyo hivyo, samaki wadogo waliokaushwa ni dagaa kwa mmoja na ndagala kwa mwingine. Kitafunio cha unga wa ngano kilichokaangwa ni mahamri kwa mtu wa Mombasa na maandazi kwa mtu wa Unguja. Mtu wa Mombasa atakumbuka viazi karai, wa Unguja atakumbuka urojo, na wa Buyenzi atatamani mukeke wa kuchoma kwa ndizi.

Mfululizo huu wa majina una thamani ya nyaraka. Karatasi za uraia zinaonyesha kabila na mji wa babu huko Oman. Jina Zinjibari linaonyesha kisiwa kimoja. Neno la jikoni linaonyesha mahali ambapo mama au bibi wa familia hiyo alijifunzia kupika, yaani upande wa ukoo ambao kumbukumbu za nasaba, kwa kufuata baba, huuacha nje. Katika familia ambamo baba alikuwa Mwomani na mama Mrundi, Mnyamwezi au Mmanyema, sombe iliyo mezani huenda ndiyo alama ya pekee ya mama huyo iliyosalia hadharani. Ndiyo maana mzigo wa ndagala uliofungwa Buyenzi haukuwa suala la hamu ya chakula tu. Ulikuwa njia ya kukataa kusahaulika ndani ya jina la watu wengine.

Sisi wataalamu wa Kiswahili nasi tumechangia usahaulifu huo. Tunapotaja "chakula cha Waswahili" tunamaanisha nazi, na tunapotaja "Kiswahili cha ughaibuni" tunawaza Kiunguja na Kimvita. Kiswahili cha Maziwa Makuu tunakishughulikia kama mkengeuko wa Kiswahili cha pwani. Ushahidi wa jiko unatukumbusha kwamba kilisafiri nacho hadi Ghuba, kikiwa na mafuta yake na majina yake.

5.0 Nazi bila mnazi: nomino na vitenzi

Oman ni nchi kame. Minazi hustawi katika jimbo la Dhofar pekee, pembezoni mwa Salalah, ambako mvua za msimu wa kiangazi hulowesha pwani. Na Salalah ni takriban kilomita 1,000 kutoka Maskati. Mpishi wa Unguja aliyehamia Maskati alipoteza mnazi uliokuwa uani, na pamoja nao sehemu nzima ya lugha.

Mtoto wa Unguja anayekulia karibu na mnazi hujifunza kwamba tunda hilo lina umri na majina: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Maskati, mahali ambapo nazi hununuliwa ikiwa imekomaa au tui likiwa tayari ndani ya kopo, jina moja linatosha. Mengine hayakukatazwa na mtu. Yalikosa kitu cha kukiita.

Vifaa navyo vina simulizi kama hiyo. Tui hupatikana kwa kukuna nazi juu ya mbuzi, kuyakamua na kuyachuja machicha kwa kifumbu, kutenga tui zito, ambalo baadhi ya watu wa pwani huliita kasimile, na kulitumia tui jepesi kwanza ili chakula kiivie humo. Wali ukikaribia kukauka, makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Tui la kopo likiingia, hakuna tena kukuna, kukamua wala kuchuja. Jiko la gesi likiingia, hakuna kupalia. Mtoto anayelelewa katika jiko hilo atajua wali wa nazi ni nini na ataupenda. Lakini kwake mbuzi ni mnyama tu, na kukuna ni kujikuna mwili.

Kutokana na hali hii tunaweza kupendekeza kanuni ya jumla: mapishi yanapohamia nchi nyingine, jina la chakula huishi muda mrefu kuliko maneno ya kukitengeneza. Maandazi, sambusa na mishkaki yanaweza kuagizwa na mtu asiyeweza kuunda sentensi moja ya Kiswahili. Nomino huingia kwa urahisi katika sarufi ya lugha nyingine, nayo huazimwa. Kitenzi cha Kiswahili, pamoja na viambishi vyake vya nafsi, wakati na kauli, hakiwezi kuchukuliwa hivyo. Kinahitaji mtu anayeamuru na mtu anayetii: kanda, sukuma, umua, geuza, epua. Bila amri hizo jikoni, majina ya vyakula hubaki kama vibao vya maduka ambayo bidhaa zake zimekwisha.

Huenda ikapingwa kwamba hali hii haiko Oman pekee. Dar es Salaam na Mombasa nako blenda imechukua nafasi ya mbuzi, na tui la pakiti linauzwa madukani. Pingamizi hilo ni la kweli, ila lina mpaka. Dar es Salaam, neno lililokosa kazi jikoni linaweza kupata hifadhi katika methali, kitendawili, utani wa sokoni, redio au kitabu cha shule. Maskati, jiko lilikuwa nguzo ya pekee. Neno lililotoka humo halikuwa na mahali pengine pa kukaa.

6.0 Wapishi wapya

Katika miaka ya karibuni Kiswahili kimeingia tena katika majiko ya Oman kwa njia nyingine. Wanawake kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za kanda hii huenda huko kufanya kazi za ndani chini ya mfumo wa kafala, unaofunga ukaazi wa mfanyakazi kwa mwajiri wake. Baadhi ya familia zilizotoka Afrika huwapendelea wanaozungumza Kiswahili kwa kuwa wataelewana nao na wataweza kupika vyakula vyao.

Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania nchini Oman na Falme za Kiarabu ilirekodi pasipoti zilizonyakuliwa, mishahara isiyolipwa, saa za kazi zisizo na kikomo, na wanawake waliolazimishwa kula makombo au chakula kilichoharibika. Jambo hilo la mwisho linahusu moja kwa moja mada yetu. Mwanamke anayepika wali wa nazi ili kumliwaza mtu mwingine, huku yeye mwenyewe akinyimwa chakula kizuri, anaonyesha kwamba "chakula cha nyumbani" si kitu kisicho na mamlaka ndani yake. Hatudai kwamba kafala na utumwa wa karne ya 19 ni kitu kimoja. Tunasema tu kwamba katika vipindi vyote viwili lugha na ladha vimebebwa na mikono ya wanawake wasio na sauti katika nyumba walizozipikia, na kwamba sifa kwa Kiswahili kinachoenea Ghuba haifai kutolewa bila kuuliza kinaenea kwa gharama ya nani.

7.0 Mapendekezo kwa watunga sera

Mapendekezo matatu yanatokana na mjadala huu.

La kwanza ni la ukusanyaji. Waliohamia miaka ya 1970 wakiwa watu wazima sasa ni wazee sana, na wengi wameshafariki. Msamiati wao wa jikoni ukusanywe sasa, kwa kurekodi mpishi akiwa kazini na akitoa maelekezo. Orodha za majina pekee zitakosa vitenzi, ambavyo ndivyo vinavyopotea. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inafaa kuongoza kazi hiyo kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Oman na vya nchi zetu za Maziwa Makuu.

La pili ni la kamusi. Maneno kama sombe, mawese, ndagala na mukeke yaingizwe na kufafanuliwa kwa uzito ule ule unaopewa kisamvu, tui na dagaa, yakionyeshwa maeneo yanakotumika.

La tatu ni la urithi. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza harisi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Bokoboko ya Unguja ni ndugu wa chakula hicho, na haimo. Mwaka 2021 Kenya ilitambuliwa na UNESCO kwa mpango wake wa kuhifadhi vyakula vya asili, kwa hiyo uzoefu upo katika kanda. Taratibu za UNESCO huruhusu nchi nyingine kujiunga na urithi uliokwisha kuorodheshwa. Serikali zetu zilizingatie hilo, na maombi hayo yawataje waliopika, wakiwemo watumwa.

8.0 Hitimisho

Historia ya jiko la Oman inatufundisha kutoliamini haraka jina ambalo kundi limepewa. Nyuma ya Zinjibari kuna watu wa nazi na watu wa mawese, wana wa walioabiri majahazi na wana wa waliofuata misafara, mabinti wa masultani na mabinti wa wajakazi wao. Tofauti hizo hazikuandikwa katika pasipoti. Zilihifadhiwa na wapishi, kwa Kiswahili, katika nchi ambayo haikuwadai kufanya hivyo na wala haikuwazuia.

Jirani yetu wa Buyenzi aliacha kufunga mizigo yake katikati ya miaka ya 1990, dada yake alipofariki. Nilipomuuliza kama wapwa zake hawataki ndagala, alisema wanawataka, ila hakuna aliyebaki anayejua kuwapika.